Ninavyolaza kuti la mita 5 kwenye karatasi ya sentimita 42

Liberty Hyde Bailey alistaafu Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, mwaka 1913. Hakupumzika: katika miaka iliyobaki hadi kifo chake mwaka 1954, jamii ya minazi na mitende ilikuwa kati ya mimea iliyomshughulisha zaidi, na mwaka 1935 hazina yake ya mimea iliyokaushwa aliikabidhi chuo hicho. Wakusanyaji wengi huikwepa jamii hii kwa sababu haiingii kwenye karatasi ya hebariamu, yaani ya kubandikia mimea iliyokaushwa. Nami njia ninayotumia ni ya kukata kidogo na kuandika sana.

Kabla panga halijagusa kuti, napima. Likishakatwakatwa, urefu wake haurudi. Naandika kimo cha shina na unene wake usawa wa kifua, idadi ya makuti mabichi, urefu wa kitako kinachokumbatia shina, wa bua lisilo na vijani (yale majani membamba ya kuti), kisha wa upongoo wenye vijani. Nahesabu vijani vya upande mmoja. Karara, lile ganda linalofunika maua, limetokea katikati ya makuti au chini yake? Hilo nalo naandika, pamoja na rangi, maana rangi haidumu.

Kisha namega kijani kimoja na kutazama pale kinaposhika upongoo. Cha mnazi, mchikichi au mpopoo kimekunjwa kama paa la nyumba. Cha mtende au mkindu kama mfereji wa maji. Alama hii hutenganisha makundi makubwa, lakini gazeti na uzito huilaza ikapotea. Nimeona karatasi nzuri za kupendeza ambazo mtu hawezi kusema lolote juu ya mkunjo huo.

Kuti moja hunipa vipande vinne: sehemu ya kitako pamoja na kilifu chake (wavu wa nyuzi), sentimita 30 za bua, sentimita 35 za katikati ya upongoo, na ncha nzima. Kitako na bua nene navipasua kwa urefu, ama sivyo vinaoza ndani huku nje vimekauka. Kwenye kipande cha katikati, vijani vya upande mmoja navikata nikiacha visiki vya sentimita 2. Vya upande wa pili navikunja mara mbilimbili. Visiki visikosekane, kwa kuwa ndivyo vinavyoonyesha nafasi kati ya kijani na kijani na kama vimepangwa sawa au kwa mafungu. Kila kipande kina kibandiko chenye namba ileile, na herufi A hadi D kuanzia chini. Tumia penseli; wino mwingi huyeyuka kwenye spiriti.

Maua ndiyo husumbua zaidi. Katika mnazi, maua ya kike ni machache, makubwa, chini ya kila kitawi. Ya kiume ni mengi juu yake na hupukutika mapema. Ukichuma umechelewa, unapeleka nusu ya mmea. Kwa hiyo nachukua vitawi viwili: kimoja cha karara lililopasuka karibuni, kingine cha lile lenye vidaka. Baadhi ya maua huenda kwenye chupa ya spiriti ya asilimia 70, kwani ua lililobanwa ni kazi kulichambua. Matunda hukaushwa peke yake na kuwekwa kwenye boksi lenye namba ya mti.

Magazeti hubadilishwa kila siku. Ukiruka mbili tu, ukungu umeingia. Mahali pasipo na kikaushio, nafunga vipande kwenye magazeti, natia ndani ya mfuko wa nailoni, namwagia spiriti mpaka vilowe, kisha nafunga mdomo kabisa. Hukaa hivyo wiki kadhaa bila kuoza, ingawa hugeuka rangi ya kahawia. Vikishakauka vizuri, hulala wiki moja kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kuua wadudu, ndani ya mfuko uliofungwa, nao usifunguliwe mpaka ubaridi wake uishe, kwani matone ya unyevu yatarudisha ukungu uleule.