Zizi Kabla ya Kahawa: Kukifufua Kihamba cha Babu

Kihamba cha babu yangu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, kipo Uru, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, mwendo mfupi kwa gari kutoka Moshi mjini, nacho hakizidi ekari moja na robo. Baba alikirithi kwa sababu alikuwa kitinda mimba, na kwa desturi yetu Wachagga nyumba ya wazazi hubaki kwa mtoto wa mwisho. Mimi nilikipokea miaka minne iliyopita, baada ya kumzika baba, kikiwa na mibuni mizee isiyopogolewa, migomba iliyodumaa, na zizi tupu ambalo paa lake lilikuwa limeanguka upande mmoja.

Kila aliyeniona nikirudi nyumbani alidhani kwamba nitaanza na kahawa, na kweli ndivyo nilivyoanza. Katika ukoo wetu kahawa ndiyo iliyolipa ada za shule, na wakulima wa mlima huu walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925, kabla ya KNCU, chama kikuu cha ushirika wa kahawa Kilimanjaro, kuundwa mwaka 1933, kwa hiyo ilikuwa vigumu kwangu kufikiria kihamba bila kufikiria kwanza mbuni. Bei ilipoporomoka baada ya mfumo wa kimataifa wa mgawo wa kahawa kuvunjika mwaka 1989, baba aliacha kupulizia dawa, kisha akauza ng'ombe mmoja baada ya mwingine ili kutusomesha, mpaka zizi likabaki bila kitu. Kwa misimu miwili nilipanda miche mipya na kununua mbolea ya dukani, lakini udongo ulikuwa umekazana, mvua za masika zikipita juu yake bila kuzama, na miche mingi ilinyauka.

Aliyenifumbua macho ni shangazi, dada mkubwa wa baba. Alikuja siku moja kuniletea mtori, akazunguka shamba lote polepole, kisha akasimama mbele ya zizi na kuniambia: "Mwanangu, kihamba hiki hakiugui kahawa, kinaugua njaa. Tangu ng'ombe wa mwisho atoke humu, nani amekilisha?"

Swali hilo lilinirudisha kwenye mambo niliyoyaona utotoni bila kuyaelewa. Babu hakuwa na malisho. Mifugo yake ilikaa zizini mwaka mzima, na chakula chao kilitoka humo humo kihambani: vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa baada ya mkungu kuvunwa, majani yake, matete yaliyopandwa kandokando ya mfongo, yaani mfereji wa asili wa maji, pamoja na matawi yaliyopunguzwa kwenye miti. Samadi ilirudi kwenye shina la mgomba, mgomba ukampa mbuni kivuli, na juu ya vyote hivyo ikasimama miti mirefu ya miringaringa na mifuruanje ambayo majani yake yaliyodondoka yalitunza unyevu. Utaratibu huu ndio uliofanya vihamba vya jirani zetu wa Shimbwe Juu vitambuliwe na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wenye thamani kwa dunia nzima. Ukiondoa mnyama, duara zima linakatika, na mbolea ya mfuko haiwezi kuliunga.

Nilipoamua kurudisha mifugo, nilichagua nyama badala ya maziwa kwa sababu ambayo wafugaji wa mlimani wataielewa mara moja. Karibu kila nyumba hapa ina ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa, na anapozaliwa ndama dume huwa ni mzigo, kwani anakunywa maziwa ambayo yangeuzwa. Mara nyingi huuzwa kwa bei ya kutupa akiwa na wiki chache tu. Nilikubaliana na majirani watatu kwamba nitawaongezea fedha kidogo ili ndama abaki na mama yake hadi atimize miezi mitatu, ndipo nimchukue na kumlea mpaka apite miaka miwili. Nina pia mbuzi jike sita wa kienyeji, katika banda lililoinuliwa juu ya nguzo ili kinyesi kidondoke chini na kwato zao zibaki kavu, na madume yao huhasiwa mapema ili yanone kuwa ndafu, mbuzi wa kuchomwa mzima kwenye sherehe.

Mbuzi wa kwanza niliwanunua mnadani, Weruweru, na sitanunua tena kwa njia ile. Walifika nyumbani wakiwa wamefungwa miguu na kulazwa juu ya bodaboda, mmoja wao ameteguka bega, na mchuuzi aliyewaleta alishangaa nilipokasirika. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini barabarani mambo haya tunayaona kila siku na tumeyazoea, na kuzoea huko ndiko kunakoniumiza zaidi.

Kwa hiyo hapa kwetu mnyama hutembea. Karo la kuchinjia liko mwendo wa nusu saa kwa miguu. Tunampeleka jioni, analala huko akiwa na maji, na anachinjwa alfajiri bila kumwona mwenzake akichinjwa. Mchinjaji ni Muislamu, kama ilivyo desturi, ili nyama iweze kuliwa na kila jirani, na mkaguzi humwangalia mnyama akiwa hai na tena baada ya kuchinjwa kabla ya kugonga mhuri. Kuhusu dawa sina mjadala: dume mmoja alipougua mwaka jana alichomwa sindano ya antibayotiki ambayo chupa yake iliagiza kusubiri siku 28 kabla ya nyama kuliwa, na ingawa wateja walikuwa wamekwisha kulipa, niliwaomba wasubiri siku hizo zote. Wawili walidai fedha zao nami nikazirudisha.

Sina jokofu la nyama, wala silihitaji, kwa sababu simchinji mnyama mpaka awe amenunuliwa wote. Namgawa kwa mafungu, kila fungu likiwa na sehemu ya paja, ubavu, shingo, mifupa ya supu na matumbo, na wateja wangu ni familia za hapa Uru pamoja na chache za Moshi mjini. Wazee walinielewa haraka kuliko vijana, maana kwa Wachagga nyama haijawahi kuwa kitu cha kukatwa ovyo: mnyama anapochinjwa nyumbani, kila kiungo kina mwenyewe, na mgawo usipofuatwa ugomvi wake hudumu miaka.

Samadi ya miaka miwili imekwisha kuingia ardhini. Migomba ya mshare, aina ya ndizi za kupika, iliyo karibu na zizi imetoa mikungu ambayo haibebwi na mtu mmoja, na chini yake nimechimba mashimo arobaini kwa ajili ya mibuni, itakayopandwa masika yajayo. Dume anayefuata atachinjwa Desemba, ndugu watakaporudi nyumbani kwa Krismasi, na mafungu yake yote yamekwisha kulipiwa isipokuwa moja, ambalo halikuwekwa sokoni. Hilo nitampelekea shangazi mwenyewe, kwa mikono yangu.