Ngazi, Choo na Mwaliko

Natumia kiti cha magurudumu, na kabla ya kuitikia mwaliko wowote, uwe wa sherehe au wa mkutano, huuliza kwanza kuhusu ngazi, kisha kuhusu choo. Swali la pili huwashangaza wengi, ilhali choo kimenikosesha mengi kuliko ngazi: mlango wa sentimita 60 haupitishi kiti changu, kwa hiyo siku ya shughuli hujinyima maji tangu asubuhi, na mazungumzo yanapokolea mimi huwa nimeshaaga.

Hasara hiyo haionekani kwa urahisi. Anayealikwa mara tatu asifike, mara ya nne hakumbukwi, na hatimaye husemwa kuwa ni mtu wa kujitenga, ingawa hakuna aliyewahi kumwuliza kilichomzuia.

Shirika la Afya Duniani, katika uainishaji wake wa ulemavu wa mwaka 2001, liliyataja mazingira, yaani majengo, usafiri, vifaa na hata mitazamo ya watu, kuwa miongoni mwa mambo yanayoamua ushiriki wa mtu katika jamii. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, ulishika njia hiyohiyo, na ibara yake ya 9 inazitaka nchi wanachama zivitambue vizuizi hivyo na kuviondoa.

Kuviondoa kunahitaji vipimo, si huruma peke yake. Kwa mteremko unaopendekezwa mara nyingi, wa 1 kwa 12 (yaani sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo), ngazi tatu zenye kimo cha sentimita 15 kila moja huhitaji njia yenye urefu wa mita 5.4, ilhali ubao mfupi ulioegemezwa mlangoni unaweza kumpindua mtu. Wapo wanaoniambia, "Tutakubeba." Nawashukuru kwa dhati, lakini mtu mzima anayeinuliwa mbele ya hadhara hupoteza uhuru wa kuingia na kutoka kwa hiari yake. (Kiziwi aliyeketishwa katikati ya ukumbi usio na mkalimani wa lugha ya alama naye hayumo katika mazungumzo, ijapokuwa aliingia bila shida.)

Mwezi uliopita wenzangu wa kikundi cha kusoma walihamishia kikao chetu katika chumba cha chini chenye choo kipana, baada ya kukipima mlango wenyewe. Nilikunywa maji kama wengine, na nilikuwapo hadi viti vilipoanza kukusanywa.