Niliyekuwa Nikimnong'oneza

Marekani ilikuwa bado Alhamisi usiku. Mwanza ilishakuwa Ijumaa, tarehe 28 Juni 2024, saa kumi alfajiri, nami nilikuwa nimekaa sebuleni kwa Baba Mkubwa, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Bando nililiongeza tangu jioni. Yeye kuamka saa hizo haikuwa taabu. Alivua dagaa miaka mingi kabla ya kuwa mwenyekiti wa mtaa, na mwili wa mvuvi hausahau: ndizo saa mitumbwi inapoanza kurudi mwaloni Kirumba na taa kuzimwa mojamoja. Nyumba yake iko juu ya mawe, na ukifungua mlango ziwa lote liko mbele yako.

Baba Mkubwa alizaliwa mwaka 1942. Tarehe haijulikani, ila bibi alikuwa akisema ilikuwa wakati wa kuvuna pamba. Joe Biden, Rais wa Marekani wakati huo, alizaliwa Novemba mwaka huohuo. Tangu nimwambie hivyo, hakumtaja tena kwa jina.

"Mdogo wangu anaingia ulingoni leo," alisema, akijifunika shuka mabegani.

Ulikuwa mdahalo wa urais kati ya Biden na Donald Trump, wa dakika tisini, studio ya Atlanta, hakuna watazamaji ukumbini. Baba Mkubwa alisoma mpaka darasa la nane enzi za mkoloni na Kiingereza chake ni cha kuheshimika, kwa hiyo sikuwa na kazi ya kutafsiri. Sauti ya Biden ilitoka imekwaruza tangu neno la kwanza. Kisha, hata robo saa haijafika, akiwa anaeleza habari za deni la taifa na matibabu, akapotea. Alitazama chini, akatafuta neno, akalikosa, akaibuka na kusema kwamba hatimaye wameishinda Medicare, ambayo ni bima ya afya ya wazee wa huko na hakuna aliyekuwa akipigana nayo.

Mimi wakati huo sikuitazama simu. Nilimtazama Baba Mkubwa. Alikuwa ameikamata bakora yake kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye mtumbwi uliokosa utulivu.

"Amechoka huyo," alisema. "Ni safari."

Siku chache baadaye Biden mwenyewe alilaumu safari. Watu wake walikuwa wameshasema ni mafua. Sababu za namna hiyo Baba Mkubwa alizitoa kabla yao, kwenye kiti chake, bila kushauriwa na mtu, na nilipozisikia tumbo lilinikata. Nilizijua. Miaka miwili nilikuwa nikizitoa mimi kwa niaba yake.

Mwisho mwisho wale wazee wawili, wa miaka 81 na wa miaka 78, wakaanza kubishana nani bingwa wa gofu. Hapo Baba Mkubwa alicheka mpaka akakohoa. Mama Mkubwa akauliza kutoka chumbani tunachekea nini alfajiri yote hiyo.

Nieleze kazi yangu ilikuwa ipi. Nina steshenari ndogo ukishuka kuelekea sokoni: kompyuta moja, printa, mashine ya fotokopi. Baba Mkubwa aliupata uenyekiti mwaka 2004, akarudi 2009, akarudi 2014, na 2019 akapita bila kupingwa. Rais ana vipindi viwili, lakini mwenyekiti wa mtaa hana kikomo. Ni watu tu na uhai wake. Mtu akihitaji barua ya utambulisho, ya kufungulia akaunti, ya kumwekea ndugu dhamana, ya mkopo, alikuja kwangu nimchapie, kisha anapanda mawe kwenda kugongewa muhuri. Shilingi elfu moja kila barua. Sikumlazimisha mtu, lakini nani angechapa kwingine wakati mtoto wa mdogo wake mwenyekiti yuko hapa?

Katika mikutano nilikaa nyuma ya kiti chake. Mwanzoni ilikuwa kumshikia makaratasi. Baadaye ikawa kumnong'oneza majina. "Huyo ni mama mwenye genge." "Huyo ni balozi mpya wa kule juu." Alikuwa na namna nzuri ya kulipokea jina, akilivuta kidogo kama aliyekuwa akitafuta tu heshima ya kuliweka mbele, na watu wakasema mzee yuko vizuri, anatukumbuka wote. Tulikuwa timu nzuri, naona aibu kusema.

Halafu kiwanja. Mwezi wa tatu mwaka huo wa 2024 mtu mmoja wa mtaani kwetu aliuza kiwanja kwa mfanyabiashara wa dagaa. Hati ya mauziano niliichapa mimi, Baba Mkubwa akashuhudia na kugonga muhuri. Mwezi wa tano mtu yuleyule aliandika hati nyingine kwa mkono, akaipeleka nyumbani jioni nikiwa sipo, akamuuzia mwalimu kiwanja kilekile. Baba Mkubwa akasaini. Muhuri uleule, wino uleule. Muuzaji akahamia Geita. Nilipoikuta nakala ya pili kwenye faili, niliisoma mara mbili, nikaisukuma chini kabisa, nikaenda kunywa chai.

Wiki zilizofuata mdahalo, kila aliyekuja dukani alikuwa na la kusema kuhusu Biden. Dereva wa bodaboda mmoja alikuwa akitoa hesabu za majimbo ya Marekani kama wabunge wa kwetu. Mfanyabiashara wa dagaa aliyetoka Uganda alitucheka: nyie mnashangaa miaka 81, sisi katiba ilikuwa na kikomo cha miaka 75, kikafutwa mwaka 2017. Tukacheka naye. Hakuna hata mmoja aliyeinua macho kutazama juu kwenye mawe.

Kaka yangu, mtoto wa Baba Mkubwa wa kumzaa, alipiga simu kutoka Dar es Salaam.

"Ongea naye wewe. Wewe ndiye unayekaa naye."

"Wewe ndiye mwanawe."

"Mimi akinisikia nasema hivyo atadhani nataka urithi ugawanywe."

Mama Mkubwa naye nilimgusia. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Mwacheni mzee wa watu. Siku akiacha uenyekiti nitamzika." Na nadhani aliamini hivyo. Pia wageni hawaji mikono mitupu kwa mwenyekiti, na hilo sikulisema mimi wala yeye.

Huko Marekani nao walikuwa wakitafuta wa kumfunga paka kengele. Tarehe 2 Julai mbunge mmoja wa chama chake kutoka Texas, Lloyd Doggett, ndiye aliyejitokeza wa kwanza hadharani kumtaka ajitoe. Tarehe 10 George Clooney, mwigizaji, akaandika gazetini. Siku hiyohiyo Nancy Pelosi, aliyewahi kuwa Spika wa Bunge lao, naye akiwa na miaka 84, akasema uamuzi ni wa Rais mwenyewe, wakati Rais alishasema mara nyingi kwamba ameamua na anabaki. Kesho yake, kwenye mkutano wa NATO, umoja wa kijeshi wa nchi za Magharibi, Biden akamkaribisha Zelenskyy, Rais wa Ukraine, jukwaani kwa jina la Putin, Rais wa Urusi anayepigana naye. Alijisahihisha palepale. Baba Mkubwa alilisikia redioni na hakusema kitu. Jioni ile aliniita kwa jina la marehemu baba yangu, na mimi nikaitika.

Nilijaribu mara moja tu, kwa kuzunguka. Nilimwambia Mwalimu Nyerere aling'atuka mwaka 1985 akiwa na miaka 63 tu, mtu mwenye nguvu zake. Neno lenyewe kung'atuka alilitoa kwao Butiama, kwenye Kizanaki, hapo tu ng'ambo ya mkoa.

Baba Mkubwa alinitazama kwa macho ya mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo tangu juzi. "Urais aliuacha mwaka 1985. Chama akakiacha lini?"

"Mwaka 1990."

"Alibaki nani katika chama?"

"Mwenyekiti."

"Mwenyekiti, mwanangu. Umejisikia?" Akagonga bakora sakafuni, amefurahi kweli. Sikuwa na jibu. Siku akili yake inapokaa vizuri humshindi kwa hoja, na ndiyo sababu ilikuwa rahisi kwetu sote kuendelea kungoja.

Tarehe 14 Julai tulikuwa na mkutano wa mtaa. Alisoma mapato na matumizi, akarudia ukurasa uleule mara mbili. Nilinong'ona. Hakusikia. Nikanong'ona kwa nguvu, na safu ya mbele ikanisikia mimi. Akina mama wakainamisha vichwa, wakatengeneza khanga zao. Hakuna aliyecheka. Ningependa wangecheka.

Jumapili iliyofuata, tarehe 21, mwezi ulikuwa mpevu. Mbalamwezi ikiwa hivyo dagaa hawavuliki kwa taa, mitumbwi hupumzika, na ziwa lilikuwa jeupe na tupu kutoka Kirumba mpaka upeo wa macho. Baba Mkubwa alikaa nje juu ya jiwe lake. Saa tatu kasorobo hivi simu yangu ikaanza kutetemeka, ujumbe juu ya ujumbe. Nilitoka nje nikakaa chini, karibu na miguu yake.

"Baba, mdogo wako amejitoa."

"Soma."

Nilimsomea, nikiigeuza kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza: kwamba kuwatumikia imekuwa heshima kubwa kuliko zote maishani mwake, kwamba alikusudia kugombea tena, lakini anaona ni kwa faida ya chama na nchi akae pembeni amalizie muda wake.

"Amesema mwenyewe?"

"Ameandika barua. Yupo nyumbani kwake Delaware, ana Korona."

Akanyamaza. Mbwa wa jirani wakabweka, wakaacha.

"Nani alimwambia?"

"Wengi. Wabunge, wachangiaji, wakubwa wa chama..."

"Nakuuliza wa nyumbani. Wa nyumbani nani alimwambia?"

Nilikumbuka mkewe usiku ule wa mdahalo, jukwaani, akimsifu mbele ya watu kwamba amefanya kazi nzuri, amejibu kila swali. Nikamwambia hivyo Baba Mkubwa. Alitikisa kichwa polepole.

"Basi hakuambiwa," alisema. "Alifukuzwa."

Sijui kama ni kweli kwa Biden. Watu bado wanabishana: zilibaki siku 107 kufika uchaguzi, Kamala Harris, makamu wake aliyegombea badala yake, akashindwa Novemba, wengine wanasema mzee alichelewa, wengine wanasema alisukumwa. Mimi mzee mwenyewe nimeshindwa kumkasirikia. Wanaonikera ni wale waliokuwa wakipanga viti, wakifupisha ngazi, wakijibu kabla hajaulizwa. Ninawajua kwa harufu.

Usiku ule nilimwambia habari ya kiwanja. Sikuipanga. Nilianza na mfanyabiashara wa dagaa, nikafika kwa mwalimu, na katikati sauti yangu ikawa kama ya mtoto anayeungama kuvunja mtungi.

"Umejua tangu lini?"

"Mwezi wa tano."

Akahesabu kwa vidole, bila haraka. "Wa tano. Wa sita. Wa saba. Na Jumapili iliyopita nikasimama mbele ya watu."

"Ndiyo, baba."

"Ukaninong'oneza."

"Ndiyo."

Mwezi ulikuwa unamulika mpaka mishipa ya mikono yake.

"Elfu moja kila barua," alisema. Sikujua kama anajua. "Nikadhani unanisaidia."

"Nilikuwa nakusaidia."

"Eeh. Na hilo pia."

Akataka faili liletwe palepale. Mama Mkubwa akashika tochi, ingawa mbalamwezi ilitosha, na Baba Mkubwa akaziweka hati mbili juu ya mapaja yake, sahihi kwa sahihi. Alizitazama kwa muda mrefu, akaikunja ya pili akaitia mfukoni mwa koti. Asubuhi alishuka mwenyewe kwenda kwa mfanyabiashara, halafu kwa mwalimu. Hakutaka nifuatane naye. Nilimwona kutoka dukani akipita na bakora yake, watu wakimpa shikamoo, naye akiwajibu bila kumtaja yeyote kwa jina. Mambo ya kiwanja yalikwenda baraza la kata na hayajaisha. Mwalimu bado anadai, na nikimwona sokoni nageuza njia.

Mwezi wa nane vijana wawili walikuja kumuuliza kama atachukua fomu. Aliwaambia waulizane wao kwa wao. Muhuri aliendelea kuugonga mpaka siku ya mwisho, ila kila karatasi aliisoma mwanzo mpaka mwisho, na akichoka alimwambia mtu arudi kesho. Foleni ilikuwa ndefu. Barua kwangu zilipungua.

Oktoba, wiki ya kujiandikisha kwa uchaguzi wa serikali za mitaa, alinituma nimpitie. Tulishuka mawe taratibu, mkono wake begani kwangu, mpaka kituoni. Mwandikishaji alikuwa binti mdogo, si wa mtaa wetu, hakumjua. Akampa shikamoo, akafungua daftari.

"Majina yako matatu, babu?"

Baba Mkubwa akasita. Mdomo wangu ulishafunguka, nimeinama kuelekea sikio lake kama nilivyozoea. Akainua kidole kimoja bila kunigeukia, nikafunga. Binti akasubiri na kalamu yake. Nyuma yetu mtu akakohoa. Baba Mkubwa akavuta pumzi, akataja jina lake, la baba yake, na la babu yake, moja baada ya jingine, na binti akaandika.