Siku moja maishani mwangu: kumtunza mama wa watu Kibokoni

Nikisema natunza mgonjwa, watu huniuliza hospitali gani. Nikisema ni nyumbani kwake, huanza kuuliza kama nafua na kupika. Kazi yangu ni kumtunza mama mmoja mtu mzima mwenye demensia, ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na akili, kutwa nzima, ili binti yake aweze kwenda kazini. Jumapili tu ndiyo napumzika. Naandika siku hii moja, Jumatano ya juzi, kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba mimi nalipwa kwa kukaa na bibi na kupiga soga.

Saa kumi na moja alfajiri naamka Mtongwe. Nawawekea wanangu chai na mkate, natoka. Feri imejaa kama kawaida, lakini sisi wa miguu hatulipi, na ule upepo wa kivukoni naupenda hata nikiwa na usingizi. Ng'ambo ya pili napanda matatu, nashuka Posta, nakata Makadara kwa miguu mpaka Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa.

Saa moja asubuhi binti ananikabidhi mama. Macho yake ni mekundu. Usiku mama aliamka tena na tena, akafungua makabati yote akitafuta watoto wake wadogo, akilia kwamba wamepotea. Watoto hao ni watu wazima sasa, na mmoja wao ndiye aliyekuwa amesimama mbele yake na taa mkononi.

Tuna daftari. Kila mmoja wetu huandika amekula nini, amekunywa maji kiasi gani, amepata choo, mkojo una rangi gani, dawa za presha na sukari amemeza saa ngapi, ameudhika wakati gani na kwa sababu gani. Mgeni akiliona daftari hilo huona tunapekua mambo ya aibu. Lakini kuna wakati mama alibadilika ghafla, kwa siku mbili tu, akawa haongei linaloeleweka na anaona watu wasiokuwapo. Nyumba nzima ikasema basi, ugonjwa umefika mwisho. Daftari ndilo lililoonyesha kwamba alikuwa hanywi maji na mkojo umekuwa mzito wenye harufu. Kumbe ni maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa mzee yanaweza kuvuruga akili kwa muda. Alipewa dawa, akarudi alipokuwa. Ndiyo maana mkojo wa mama huyu nautazama kila siku bila kinyaa.

Nikiingia chumbani huwa sisemi, "Wanijua mimi?" Husema, "Sabalkheri mama, ni mimi, nimekuja tunywe chai." Siku nyingine mimi ni dada yake aliyekwisha tangulia, siku nyingine ni mtoto wa jirani. Jumatano nilikuwa mtoto wa jirani. Naitikia.

Kuoga ndiko kuzito asubuhi. Mama huyu alilelewa kwa sitara, na akili ikipungua haya haipungui. Ukimvua nguo mbele ya ndoo ya maji, kwake wewe ni mtu asiyemjua unayemdhalilisha, atakupiga, na ana haki. Kwa hiyo maji huwa ya uvuguvugu, kanga haitoki mabegani, naanza na miguu huku nikimweleza ninachofanya, naosha chini ya kanga, napanda pole pole. Nikimaliza namfukiza udi na kumchana nywele. Nikipata asumini namtia. Hunusa, akatabasamu, akaniuliza harusi ni ya nani.

Kifungua kinywa, dawa, daftari.

Saa nne namwekea uteo wa mchele tuuchague. Ni mchele ule ule wa jana, safi. Kuna ndugu aliyewahi kusema namdanganya mama wa watu. Mimi naona mikono yake inajua kazi hiyo kuliko yangu, na anapoifanya mabega hushuka na maneno huja. Jumatano alinisimulia daraja la zamani la Nyali, lile lililokuwa likielea juu ya maji kabla ya hili la sasa la mwaka 1980, na jinsi lilivyokuwa likitikisika chini ya magari. Hakumbuki kama amekunywa chai, lakini hilo daraja alilipanda tena mbele yangu.

Adhuhuri anaswali. Mara nyingine akimaliza huanza upya. Familia ilimuuliza shekhe, akasema aachwe, hana lawama. Kisha chakula: wali na mchuzi wa samaki niliyemtoa miba yote kwa mkono.

Saa nane analala, na hapo ndipo na mimi natazama hali yangu. Najua dalili zangu: taya hukaza, nikiitwa moyo hupiga, nikiulizwa swali lile lile kwa mara ya kumi sauti yangu hupanda kabla sijaitikia. Nimejiwekea utaratibu. Kwanza nakula nimeketi, si kwa kusimama jikoni. Pili napanda darini, mlango wa ngazi ukiwa wazi nimsikie, nikae kwenye hewa dakika kumi bila simu. Tatu namtumia ujumbe wa sauti mwenzangu anayetunza mzee kule Nyali. Tumekubaliana atakayelalamika asikilizwe tu, asipewe ushauri wala asiambiwe ashukuru ana kazi. Ukimweleza asiyeijua kazi hii kwamba umepigwa kofi na mtu unayempenda, atakuambia uvumilie. Yeye huniambia, "Pole. Lilikuwa shavu gani?" na mimi naweza kulia nikamaliza kabla mama hajaamka.

Saa kumi alikuja mgeni.

Ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mtu mwenye mapenzi ya kweli, kaleta tende na kaimati. Akaketi karibu, akamshika mkono, akaanza: "Wifi, wanijua mimi ni nani?"

Mama akatabasamu. "Nakujua, kwa nini nisikujue."

"Basi nitaje jina."

Nikaingilia kwa upole, nikamtaja mgeni jina mimi, nikasema amekuja kutoka Majengo kukuangalia. Mgeni akanitazama kama mtoto aliyedakia maneno ya wakubwa. Akaendelea. Leo siku gani? Una wajukuu wangapi? Mama akaanza kukunja na kukunjua ncha ya mtandio, na mimi nikaijua dalili hiyo. Watu hufanya mtihani huu wakidhani wanaiamsha kumbukumbu. Haiamki. Anachobaki nacho mgonjwa ni hisia kwamba ameulizwa mbele za watu na ameshindwa, na hisia hiyo hukaa naye hata maswali yenyewe yakishasahaulika.

Mama, kwa kujitetea nadhani, akauliza yeye swali: "Bwana yuwapi? Mbona hajarudi?"

Swali hilo huulizwa kila siku. Mimi hujibu, "Hayupo saa hizi, mama. Hebu nieleze, alikuwa akipenda kula nini?" na tunaongea habari zake mpaka moyo utulie.

Mgeni akasema, "Wifi! Si amekufa! Umesahau mumeo amekufa?"

Sijui nieleze vipi uso ule. Kwa mama, mumewe alifia pale, saa ile, kwenye kochi lile. Alipiga ukelele uliofika mtaani. Alitaka kujua kafa lini, kaoshwa na nani, kwa nini hakuambiwa, kwa nini hakukaa eda. Mgeni naye akalia, akimwambia, "Ulikaa, wifi, ulikaa, tulikuwa pamoja," na kila neno la kweli likawa pigo jingine. Nilipiga magoti mbele ya mama, nikamshika mikono miwili, sikusema lolote la kumrekebisha. "Pole mama. Ulimpenda sana." Hilo tu, tena na tena, na kichwa chake begani kwangu.

Kilio kikaisha kwa sababu alisahau analilia nini. Uchungu ukabaki bila jina, ukatafuta pa kushika. Akatazama mikono yake mitupu.

"Bangili zangu. Huyu kaniibia bangili zangu."

Huyu ni mimi.

Kila anayefanya kazi hii atakwambia siku hiyo huja. Mgonjwa huficha kitu, husahau kwamba amekificha, kisha akili yake hujieleza kwa njia iliyo rahisi: nimeibiwa. Na aliye karibu ndiye mwizi. Kwa familia ni maneno ya ugonjwa. Kwangu mimi niliyevuka na feri, nisiye ndugu, neno hilo linaweza kunimaliza mtaani. Mgeni akautazama mkoba wangu.

Nililipanga jambo hili na binti tangu mwanzo. Dhahabu yake halisi iko mahali salama, na orodha ya vilivyobaki tumeiandika na kutia sahihi sote wawili. Mkoba wangu huning'inia mlangoni, wazi, mchana kutwa. Kwa hiyo sikujitetea. Nikamwambia, "Pole mama, bangili kupotea kunauma. Tuzitafute pamoja." Tukatafuta chini ya mto, kwenye mfuko wa msala, kwenye kabati la vyombo. Tulizikuta kwenye kopo la mchele. Mama akazivaa, akanishukuru kwa kumsaidia kumfuma mwizi.

Mgeni hakunitaka radhi. Akasema wifi yake hakuwa hivi, lazima kuna jicho la mtu, apelekwe kwa wa kumtazama. Nikamweleza kama daktari alivyotueleza: miaka ya presha na sukari imeziba mishipa midogo ya damu ubongoni, na kila sehemu iliyokosa damu imeondoka na kitu chake. Kuna aina nyingine za demensia, na inayowapata wengi zaidi ni ile aliyoieleza daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa wa demensia zaidi ya milioni 57 mwaka 2021, na wengi wao wako katika nchi za kipato kama chetu. Mtu hapati ugonjwa huu kwa kuonewa wivu, na si uzee mtupu pia, maana wapo wazee wa miaka tisini wanaokumbuka deni la chumvi. Haponi. Lakini akimezeshwa dawa zake za presha na sukari barabara, na akipewa siku isiyo na vitisho, ataishi vizuri zaidi. Nilisema yote hayo kwa adabu, nimekaa chini. Sijui kama aliyachukua. Aliondoka na kuacha kaimati.

Baada ya hapo sikuangalia saa tena. Nilijua tu asri imepita kwa sababu kivuli kilikuwa kimepanda ukuta, na jioni ndiyo adui wetu. Watu wengi wenye demensia huvurugika zaidi jua linapoelekea kuzama. Mimi huwasha taa zote kabla giza halijaanza, ili pembe za nyumba zisimtishe, lakini siku hiyo alikuwa ameshajaa.

"Nataka kwenda kwetu."

Nyumba ile ndiyo kwao, kaolewa humo na kuzalia humo. Ukimwambia hivyo utabishana mpaka isha. Alikwenda mlangoni, akavuta komeo, akanisukuma, akanitukana matusi ambayo mama yule mwenye akili zake asingeyatamka. Taya yangu ilikuwa imekaza kabisa. Nikahesabu pumzi, nikamvalisha buibui (ndani ya pindo tumeshona kitambaa chenye nambari ya simu ya binti), nikasema, "Haya mama, twende."

Tukatoka, tukashika Ndia Kuu, hatua ndogo ndogo. Kwenye mabaraza wanamjua. "Masalkheri bi mkubwa." "Masalkheri wanangu." Vijana wa pale tumewaomba wakimuona peke yake wasimpigie kelele wala wasimburute, waongozane naye huku mmoja akipiga simu. Tulifika mbele ya Ngome ya Yesu (Fort Jesus), tukaketi akapumua. Miguu yangu ilikuwa ikiwaka moto. Kisha nikamwambia tumechelewa, twende nyumbani, na tulipofika mlango ule ule alioukimbia akagusa nakshi zake akasema, "Alhamdulillahi, tumefika."

Binti alirudi magharibi imeadhiniwa. Nikamsomea daftari, na habari ya wifi sikuificha wala kuitia chumvi. Akaketi sakafuni na viatu vyake vya kazini, akasema, "Dada, wewe una subira. Mimi sina. Jana usiku nilimfokea mama yangu."

Nikamwambia subira yangu na yake ni moja, isipokuwa mimi saa hizi naondoka. Nitalala. Yeye atoka ofisini na kuingia zamu ya pili isiyo na mwisho, na hakuna binadamu anayeweza hivyo kwa miaka bila kufoka au kuanguka. Kaka yake yuko Bamburi, huja Ijumaa baada ya swala, hula, humbusu mama mkono, huondoka. Hajalala pale hata usiku mmoja tangu ugonjwa uanze, kwa kuwa hakuna aliyemwambia kwa maneno wazi. Nikamwambia ampigie leo, asimuulize kama ana nafasi, amwambie Jumamosi ni zamu yake na yeye binti atalala kwa rafiki yake, simu imezimwa. Akasema watu watasema amemtupa mama. Nikasema watu hao hao na waje walale Jumapili.

Nilivuka feri nimesimama, nimebanwa, na sikuwa na nguvu hata ya kuchukia. Nyumbani wanangu walikuwa wamepika ugali. Saa nne usiku simu ikalia, ujumbe wa binti: mama amelala, na kaka amekubali Jumamosi, anauliza aje na nini.

Nikajibu: aje na nguo za kubadilisha, maana chai itamwagika, na asome daftari kabla hajaingia chumbani. Tena asimuulize mama kama anamjua. Aseme jina lake mwenyewe.