Kilomita Chache za Roger Williamson

Ukitoka Goma kwa pikipiki, ukapita Sake na kushika njia ya kandokando ya ziwa, kabla hujafika Minova utakuwa umekwisha kumaliza umbali wote ambao Roger Williamson aliuendesha katika mashindano ya Formula 1. Hesabu hiyo niliifanya kwa kalamu na karatasi, kwa maana sikuamini. Kule Silverstone, Uingereza, mbio zake ziliisha mwishoni mwa mzunguko wa kwanza, nao ulikuwa na kilomita 4.7. Kule Zandvoort, Uholanzi, alikamilisha mizunguko 7 ya kilomita 4.2 na kuanza wa 8. Ukijumlisha yote, hayafiki kilomita 40, na yalipatikana ndani ya wiki mbili tu, kati ya tarehe 14 na 29 Julai 1973.

Wachache wanaomkumbuka huanza na moto, kana kwamba alizaliwa siku aliyokufa, jambo ambalo naliona kuwa dhuluma. Mwingereza huyu wa Leicestershire, aliyezaliwa mwaka 1948, alikuwa bingwa wa Formula 3 ya Uingereza mwaka 1971 na tena mwaka 1972, na wiki chache kabla ya Silverstone alishinda mbio za Formula 2, ngazi iliyo chini ya Formula 1, huko Monza, Italia. Mtu hashindi Monza kwa bahati. Mfadhili wake alikuwa Tom Wheatcroft, tajiri wa kazi za ujenzi, aliyempenda kama mwanawe wa kumzaa na kumkodia gari aina ya March ili apande ngazi ya mwisho.

Silverstone haikumpa nafasi: Jody Scheckter alipoteza mwelekeo mbele ya kundi zima, magari yakagongana, na gari la Williamson likawa miongoni mwa yaliyoharibika.

Zandvoort ndiko ninakorudi kila mara. Katika mzunguko wa 8, huenda kwa sababu ya hitilafu ya gurudumu, gari lake liligonga vyuma vya kando, likapinduka, likaburuzika juu chini na kuwaka. Williamson alikuwa hai, hakuumia sana, ila alinaswa chini ya gari. David Purley, dereva mwenzake aliyekuwa nyuma yake na ambaye zamani alikuwa askari wa miamvuli, alisimamisha gari lake, akavuka njia kwa mbio na kuanza kuliinua lile gari kwa mikono. Likakataa. Akachukua kizimamoto kwa msimamizi wa njia, akakimaliza chote, akarudi kusukuma tena. Madereva waliopita walimwona mtu mwenye kofia ya mbio amesimama kando ya moto, wakadhani ndiye mwenye gari na kwamba ameokoka. Mbio hazikusimamishwa. Gari la zimamoto lilichelewa kwa dakika kadhaa, na lilipofika Williamson alikuwa amekwisha kufa kwa kukosa hewa, akiwa na umri wa miaka 25. Jackie Stewart alishinda siku hiyo, ushindi wake wa 26, na kuivunja rekodi ya Jim Clark ya ushindi mwingi zaidi katika Formula 1.

Wasimamizi waliokuwa pale wameitwa waoga kwa miaka mingi, nami siwezi kuitamka kauli hiyo. Ujana wangu niliupitia Birere, mtaa wa Goma, ambako nyumba za mbao zimeshikana ubavu kwa ubavu na ambako kadafi, muuza petroli wa barabarani, huweka esanse yake kwenye bidoni karibu na kitanda cha watoto. Usiku mmoja nyumba iliposhika moto, nilimwona kijana motari, dereva wa pikipiki ya abiria, akivuta bati la paa kwa mikono mitupu, shati lililoloweshwa limemfunika pua, wakati sisi wengine tukipokezana ndoo za mchanga. Nilijaribu kumsogelea. Katika hatua ya nne ngozi ya uso ilinikaza kama ngoma inayoanikwa, miguu ikakataa kwenda, na haikuwa kwamba sikutaka. Yule kijana alitoka na mtoto, lakini mpaka leo kiganja chake cha kulia hakifunguki vizuri.

Kwa hiyo ninapotazama zile picha za Zandvoort, jicho langu huenda kwenye nguo za wasimamizi. Walivaa nguo za kawaida, zisizostahimili moto. Gari lile lilihitaji watu watatu au wanne kuligeuza, na watu walikuwapo, ila mmoja tu, yaani Purley, ndiye aliyevaa vazi la kumwezesha kuukaribia ule moto. Lawama yangu iko kwa waandaaji waliowaweka watu kando ya magari yaliyojaa mafuta bila kuwavika, kisha wakaziacha mbio ziendelee.

Purley alitunukiwa George Medal, nishani ya ushujaa ya Uingereza. Alifariki mwaka 1985 ndege yake ndogo ilipoanguka baharini. Wheatcroft, aliyekuwa amekwisha kununua uwanja wa mbio wa Donington Park kabla ya msiba huo, aliufufua, na magari yakaanza kushindana tena pale mwaka 1977. Uwanja huo uko Leicestershire, mkoa wa kijana wake. Mwaka 2003, miaka 30 baada ya Zandvoort na Wheatcroft akiwa mzee, sanamu ya Roger Williamson ilizinduliwa hapo.