Rangi za Kigoma: kumbukumbu ya mradi wangu wa sanaa darasa la tatu

Kumbukumbu hii nawaandikia hasa walimu wanafunzi wenzangu mlioko kwenye mazoezi, mkapangiwa kipindi cha Sanaa na Michezo na shuleni hamna hata penseli moja ya rangi. Mimi niko Kigoma mjini, darasa la tatu, watoto zaidi ya 80 chumba kimoja. Nataka watoto hawa wachore walichokiona kwa macho yao, kwa rangi tulizotengeneza wenyewe kutokana na vitu vya hapa hapa.

Sababu niliipata kipindi cha kwanza kabisa. Niliwaambia wachore chochote wanachokipenda. Madaftari yakarudi na nyumba ile ile: paa la pembetatu, mlango katikati, mnazi kushoto, jua kwenye kona na bendera. Mji huu ni wa michikichi, ukipanda kilima chochote unaiona, lakini hakuna aliyechora mchikichi. Wamezoea mwalimu achore ubaoni, wao wanakili, na aliyefanana zaidi na ubao ndiye apewe vema kubwa. Kwangu mimi hiyo ni imla tu, tofauti yake ni kwamba maneno yamekuwa mistari. Nikaamua kwamba kwenye kipindi changu ubao utabaki mtupu.

Udongo na uji wa muhogo

Nyekundu haikutusumbua. Miteremko ya upande wa Mwanga ina udongo mwekundu wa kutosha, na watoto waliuleta kwenye makopo bila kusukumwa. Wanaotoka Ujiji wakaleta wa kijivu. Tuliuanika, tukautwanga, tukauchekecha kwa kipande cha kanga kuukuu. Halafu kuna hatua moja ambayo nawasihi msiiruke: ukoroge udongo kwenye ndoo ya maji, usubiri kidogo mchanga utue, kisha yale maji yenye tope uyamimine kwenye chombo kingine na uyaache yalale. Asubuhi maji yamepanda juu meupe, na chini pana tope laini lisilo na chembe hata ukilisugua kwa vidole. Hiyo ndiyo rangi. Wekundu wake ni chuma kilichokwisha kupata kutu ardhini, kwa hiyo juani haupauki.

Tope peke yake likikauka linapukutika. Linahitaji kitu cha kulishikiza kwenye karatasi, na hapa unga wa muhogo haukosekani nyumba yoyote. Kijiko cha unga kikorogwe kwanza na maji baridi, ndipo kiende motoni mpaka uji uache weupe na uanze kung'aa. Ukimwaga unga kwenye maji yanayochemka utapata madonge matupu. Uji huo unachacha haraka, ukilala siku mbili darasa zima linanuka, kwa hiyo naupika asubuhi ya siku ya kipindi.

Nyeusi tunapata kwenye makaa, na zaidi kwenye makokwa ya mise, yaani mbegu za mchikichi, yaliyoungua, ambayo yakisagwa yanatoa weusi mzito sana. Nyeupe ni vipande vya chaki vinavyobaki kwenye kibao cha ubao. Manjano ni ile ya mpishi, ya kununua sokoni, nayo ina jambo la kuwafurahisha watoto: ukiidondoshea maji ya majivu inageuka nyekundu ya kahawia pale pale, kwa sababu majivu yana magadi. Siku hiyo kipindi cha sanaa kiliingia kwenye sayansi, na sikukizuia.

Karatasi ni mifuko ya saruji. Kila mfuko una tabaka kadhaa, na tabaka za katikati huwa safi. Vumbi lake nalikung'uta mwenyewe nje, mbali na watoto, halafu nafuta kwa kitambaa kibichi, maana vumbi la saruji linaunguza macho na ngozi. Brashi ni vijiti vibichi vilivyotafunwa ncha, kama mswaki wa mti. Watoto walizitengeneza haraka kuliko mimi.

Meli mara mbili

Baada ya kuweka ubao kando, niliwapa kazi moja: chora safari uliyowahi kuifanya au uliyosimuliwa nyumbani. Kimya kilikuwa kirefu. Wengi walinitazama wakisubiri nianze mimi. Mmoja akauliza, "Madam, tuchore kama nini?" Nikamwambia, "Kama ulivyoona wewe." Hakuridhika, lakini aliinama.

Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwenye kuandika bado anahangaika, alichora Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika. Juu ya mstari wa maji meli imejaa watu, na wote wanaonekana waziwazi, hadi walioko vyumbani na mama aliyelalia mzigo wake, utadhani ubavu wa meli ni kioo. Chini ya mstari huo huo kuna meli nyingine, imezungukwa na samaki, haina mtu. Nilimuuliza kwa nini meli ni mbili. Akasema, "Ni moja, madam. Babu alisema zamani ililala chini." Na babu yake hakukosea: meli ile ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916 wakati wa vita, Waingereza wakaiibua mwaka 1924 na ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina hili la Liemba. Mtoto wa darasa la tatu aliweka miaka yote hiyo kwenye kipande kimoja cha mfuko wa saruji.

Mwalimu mmoja mzoefu aliyepita darasani aliitazama, akaniambia kwa upole kwamba nimsahihishe, kwa kuwa watu walioko ndani ya meli hawaonekani ukiwa nje. Namheshimu, lakini hapa simfuati. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, alieleza jambo hili vizuri miaka ya 1940: mtoto wa miaka kama 7 hadi 9 huchora anachokijua kuhusu kitu. Ndiyo maana anapiga mstari wa ardhi na kusimamisha kila kitu juu yake, anaonyesha vya ndani na vya nje kwa pamoja, na anachanganya nyakati tofauti kwenye picha moja. Ukifika na kalamu nyekundu wakati huo, unafuta alichotaka kukusimulia. Nilichofanya ni kumsimamisha kijana yule mbele awaeleze wenzake picha yake. Alieleza kwa sentensi nyingi kuliko nilizowahi kumsikia akisema, na kipindi kilichofuata cha Kiswahili tuliandika maelezo yale yale.

Wiki hiyo ile nyumba ya paa la pembetatu ilianza kupungua. Binti mmoja alichora mitumbwi imefunikwa kifudifudi ufukweni Kibirizi, imepangana, hakuna mtu. Ni ule mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei hadi Agosti ili samaki wazaliane. Nilimuuliza watu wako wapi, akajibu, "Wako nyumbani, wamekaa."

Usiku

Kazi niliyoitamani kuliko zote ni usiku wa ziwa. Anayeijua Kigoma anajua: mwezi ukiwa haupo, wavuvi wa dagaa wanaingia majini na taa, na ukitazama kutoka juu utafikiri ziwani kuna mji mwingine. Mwezi ukiwa mpevu wanapumzika, kwa kuwa dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Watoto wanajua kalenda hiyo kuliko mimi niliyekuja kutoka mkoa mwingine.

Ugumu ni kuchora mwanga. Walipaka karatasi nyeusi tii, halafu wakadondoshea manjano juu yake, na manjano ikazama, ikawa tope. Chaki nayo ikawa kijivu. Darasa likakata tamaa, na mimi nilikuwa nimeishiwa la kuwaambia.

Jibu lilitoka kwa binti wa dawati la mbele. Karatasi yake ilikuwa imechukuliwa nyumbani ikarudi na matone ya mawese. Alipopitisha weusi mwepesi, ule wa makaa na maji tu bila uji, rangi ikakimbia pale penye mafuta. Matone yakabaki ya machungwa yanang'aa katikati ya giza. Alinyanyua karatasi na kusema, "Madam, hizi ni taa."

Sikuwa nimewahi kufundishwa hilo chuoni. Maji na mafuta hayapatani, kwa hiyo panapoguswa kwanza na mafuta weusi wa maji haushiki. Na mawese yana rangi yake tayari, ya karotini, ile ile iliyomo kwenye karoti. Kipindi kilichofuata tulifanya darasa zima: kidole kimoja kwenye mawese, dondosha taa zako, chora na mtumbwi ukipenda, halafu paka usiku juu yake. Wengine waliweka taa moja pembeni kabisa, wengine wakajaza ziwa. Mmoja aliweka taa mbili zimekaribiana na akasema ni baba na baba mdogo.

Kwa atakayejaribu: mawese hayakauki. Mafuta ya kitani wanayotumia wachoraji hukauka yakawa ngozi, lakini mawese hubaki mafuta siku zote, kwa hiyo tumia kidogo sana, picha zisilaliane, na ziwekwe juu wasikofika sisimizi. Machungwa yake pia yanapauka juani. Picha zetu tumezitundika ukuta usiopigwa na jua.

Alipokuja mkufunzi

Siku mkufunzi wa chuo alipokuja kunitazama nikifundisha, nilitayarisha kipindi kuhusu Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akitumia vipande vya mbao za ujenzi na rangi za kupaka baiskeli, hadi alipofariki mwaka 1972. Nilipofika hapo kwenye rangi za baiskeli, mtoto mmoja akadakia, "Kwani naye hakuwa na karatasi?" Darasa zima likageuka kutazama mifuko yetu ya saruji ukutani. Mkufunzi aliandika kitu, sikukiona.

Baadaye aliniuliza nitawapimaje watoto kama hakuna mfano wa kulinganisha nao. Nilimwonyesha ninavyofanya: kila mtoto ana kazi zake zimefungwa kwa uzi, ya kwanza hadi ya mwisho, nami nalinganisha kazi yake na kazi yake. Kwa darasa kubwa hivi ni jasho, lakini sioni njia nyingine ya haki. Alikubali, akanitaka niiandike vizuri kwenye andalio la somo ili mwalimu atakayenipokea aweze kuifuata.

Bado

Kijani kinatushinda. Majani ya kisamvu ukiyatwanga yanatoa kijani kizuri asubuhi, kesho yake kimekuwa kahawia. Tumejaribu manjano pamoja na bluu ya kufulia; zinatoa kijani chafu chafu ambacho watoto wamekikubali kwa ajili ya michikichi, mimi bado. Na Mwalimu Mkuu ameruhusu tupake ukuta wa nyuma ya darasa. Huko mawese hayaendi, na uji wa muhogo mvua itauosha, kwa hiyo nasaka chokaa na kifaa cha kuipakia bila watoto kuigusa. Mwenye uzoefu wa kupaka ukuta kwa udongo na chokaa anieleze vipimo vyake kabla mvua hazijaanza.