Siku Moja ya Mwalimu wa Fizikia Chake Chake: Somo la Vumbi la Mionzi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nimo ndani ya daladala kutoka Wete, nikipitia somo la Kidato cha Nne. Wanafunzi wanajua mripuko wa kituo cha nyuklia cha Chernobyl, Ukraine, wa 1986 na ajali ya kile cha Fukushima Daiichi, Japani, ya 2011. Leo nataka waelewe kwamba kazi ya kusafisha nayo inaweza kulirudisha hewani vumbi la mionzi lililokwisha kutua.

Saa mbili tunaanza na Agosti 2013, pale uondoaji wa vifusi vya kinu namba 3 cha Fukushima ulipotimua vumbi lenye seziamu, elementi inayotoa mionzi. Binti mmoja anauliza, “Mwalimu, kwani miaka miwili haikutosha mionzi kwisha?” Namjibu kuwa iodini 131, elementi nyingine ya mionzi iliyotoka kinuni, hupungua nusu kila baada ya siku 8, hivyo ilikwisha toweka, lakini seziamu 137 huchukua takriban miaka 30 kupungua nusu, na muda wote huo hushikamana na udongo na vumbi, ikisubiri upepo, koleo au moto. Mioto ya misitu karibu na Chernobyl mwezi Aprili 2020 iliipandisha hewani miaka 34 baada ya ajali. Hapa nakaa kwa muda mrefu, kwa sababu vijana wengi hudhani mionzi humdhuru mtu kwa kummulika kutoka nje tu, ilhali chembe za alfa, aina ya mionzi ambayo hata karatasi huizuia, huwa hatari zaidi vumbi linalozitoa likivutwa na pumzi likabaki mapafuni.

Kila mtoto wa Pemba hunyunyiza maji uani kabla ya kufagia. Vivyo hivyo, wafanyakazi wa Fukushima hunyunyiza gundi maalumu juu ya vifusi kabla ya kuvigusa, vumbi lisitimke.

Saa tano, maabara, tunafunga karatasi ya chujio mbele ya feni ili inase vumbi la hewani. Nasisitiza kwamba bila kujua kiasi cha hewa kilichopita, doa la vumbi halielezi kitu, na kwamba wapimaji husubiri saa kadhaa kabla ya kipimo cha mwisho, kwa kuwa chujio hunasa pia chembe za mionzi ya muda mfupi zitokanazo na radoni, gesi ya asili iliyomo katika hewa ya kila mahali, na hizo lazima zipungue kwanza.

Baada ya Adhuhuri nasahihisha madaftari.

Saa kumi jioni mzee mmoja barazani ananiuliza, “Maalim, kitambaa puani hakitoshi?” Namweleza kwamba hewa hupenya pembeni, ndiyo maana wafanyakazi wanaoondoa vifusi Fukushima huvaa barakoa zenye vichujio, zilizobana uso sawasawa.